Mwaka wa Kupiga Polepole

Barasa amekufa, na watu wanataka nilie. Habari aliniletea Ndiema kwa simu, asubuhi, nikiwa nachambua maharagwe mlangoni pa jikoni hapa Kitale, na kabla sijasema pole akaniambia kwamba kamati ya mazishi imeshaniweka kwenye ratiba. Nipige besi wimbo mmoja, halafu niseme maneno machache kama rafiki wa zamani wa marehemu. Nikamuuliza, rafiki wa nani? Akanyamaza. Ndiema ni mtu wa kunyamaza. Alininyamazia siku moja huko Bungoma, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na mpaka leo hajamaliza. Baadaye alinitumia ile karatasi ya wasifu, ile inayochapishwa ikiwa na picha ya marehemu mbele. Nikavaa miwani. Imeandikwa kwamba marehemu, akiwa kijana mwenye maono, alianzisha Bendi ya Jana mjini Kitale ili kuwakumbusha wazazi nyimbo za miaka ya sabini. Alianzisha! Niliisoma mara tatu, kisha nikarudi kwa maharagwe yangu, na kwa hasira mabovu nikayatia sufuriani pamoja na mazuri.

Huku kwetu mtu akishafariki anasafishwa mara mbili, kwanza kwa maji, halafu kwa maneno. Maji sina neno nayo. Lakini Barasa alisema jambo moja juu yangu kwenye maikrofoni, mbele ya ukumbi mzima, na jambo hilo limetembea na mimi mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Nilichotaka kwake miaka yote hii hakikuwa pole ya pembeni. Nilitaka lile neno lirudishwe palepale liliposemewa, kwenye maikrofoni, watu wakisikia. Sasa amelala kwenye sanduku, na mimi ndiye ninayeombwa nishike maikrofoni nimsifu. Nilimwambia Ndiema nitakuja, na nilisikia akivuta pumzi upande wa pili, maana ananijua.

Bendi niliianzisha mimi, na nalisema mapema ili msomaji asihangaike kutafuta. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nashona nguo kwenye kibaraza cha duka la vitambaa hapa mjini. Bendi zote za Kitale wakati huo zilipiga nyimbo za mwaka uleule, zile ambazo vijana walizisikia redioni wiki iliyopita. Wateja wangu walikuwa watu wazima, walimu, makarani, wakulima wa mahindi na wake zao, na nikiwapima mabega walikuwa wakilalamika. Harusi siku hizi ni za watoto, walisema; mtu anakaa na soda yake mpaka keki ikatwe, halafu anaenda nyumbani bila kuinua mguu. Nilisikia maneno hayo kwa mteja wa kwanza, wa kumi, wa ishirini, mpaka nikajiuliza kama ni mimi peke yangu ninayesikia. Nilikuwa na cherehani yangu mwenyewe. Niliiuza, nikanunua gitaa la besi kutoka kwa kwaya ya kanisa moja iliyokuwa imepata jipya, na nikaendelea kushona kwa mashine ya mwenye duka. Nilijifundisha kwa miezi minne, vidole vikitoka malengelenge, wapangaji wenzangu wakigonga ukuta. Kisha nikaandika tangazo kwa kalamu ya wino mzito, nikalibandika kwenye ukuta wa kinu cha kusagia mahindi, mahali ambapo kila mtu husimama akingoja unga wake.

Walikuja wawili. Ndiema alikuwa dereva wa lori la mahindi la Moi's Bridge, mtu wa kutoka mlimani Elgon, mpole, mikono mizito, na alijua ngoma kutoka bendi ya shule. Barasa alikuja siku iliyofuata na gitaa mgongoni. Nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza, besi yangu mapajani, na tangazo lilisema wazi aulizwe Rispa. Alinisalimia vizuri, kisha akauliza, "Mwenye bendi yuko wapi?" Nikamwambia yuko mbele yake. Alicheka, akachungulia ndani ya duka nyuma yangu, kama anayetafuta mwanamume aliyejificha kwenye vitambaa. Kama ningekuwa mtu mwingine ningemfukuza saa hiyohiyo, nikaokoa maisha yangu, lakini alianza kupiga, na siwezi kusema uongo, mkono wake ulikuwa mtamu. Aliimba pia, sauti ya chini yenye mchanga kidogo. Nikampokea. Kosa la mwaka huo lililo langu peke yangu ni hilo.

Tulifanyia mazoezi chumbani kwake mtaa wa Tuwan, kwa sababu ndiye aliyekuwa na umeme usiokatikakatika, na pia jirani kiziwi. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa na pazia la maua. Nyuma ya pazia kitanda, mbele ya pazia sisi, jiko la makaa, ndoo mbili na ngoma za Ndiema zikiwa zimebanwa na mlango hivi kwamba mtu wa kuingia lazima apite kiubavu. Ukutani kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Siku ya kwanza Barasa alinionyesha mahali pa unga na sufuria. Mimi nikamwonyesha gitaa langu. Tulitazamana hivyo kwa muda, mpaka Ndiema akainuka bila neno, akasonga ugali, na tangu siku hiyo Ndiema ndiye aliyepika. Alipika mboga za sukuma zenye maji mengi, na mara mojamoja samaki mkavu, na tulikula kutoka sahani moja magoti yakigusana. Kama hukutujua ungedhani tunapendana. Kupitia ukutani nilikuwa namsikia Barasa akiongea na majirani huko nje akienda kuteka maji, akiwaambia bendi yake inaendelea vizuri. Bendi yake.

Nyimbo tulizitoa kwenye kaseti. Mwanamuziki wa leo anazo nyimbo zote simuni, anarudisha nyuma kwa kidole. Sisi tulikuwa na kaseti tisa na redio kaseti moja, ya Barasa, iliyokaa juu ya kigoda kama bibi harusi. Ukanda wake wa ndani, ule mpira mdogo unaozungusha kaseti, ulikuwa umekatika, na Barasa, ambaye hakuwahi kukubali kwamba kuna kitu hawezi, alikuwa amekata kipande cha tyubu ya baiskeli akakifunga humo. Ilizunguka. Tulikaa tumeinamia mashine ile wiki baada ya wiki, tunasikiliza mstari mmoja, tunazima, tunapiga, tunawasha tena. Gitaa tulikuwa tunalilinganisha na kaseti, maana hatukuwa na kinanda wala kitu kingine cha kulinganishia. Mimi ndiye niliyeanza kusikia vibaya, na nilisikia kwa vidole kabla ya masikio. Ili nifikie sauti ya kaseti ilibidi nilegeze nyuzi za besi mpaka zikawa zinagongagonga mbao. Nyuzi za besi hazilegei hivyo. Nyimbo nazo zilikuwa nzito, zinavuta miguu, waimbaji wote wana sauti za watu walioamshwa usingizini. Barasa alisema huo ndio utamu wa zamani, watu wa siku zile hawakuwa na haraka.

Halafu Jumapili moja, nikiwa kwangu nafua, mama mwenye nyumba alifungulia redio kipindi cha zilizopendwa, na wimbo wetu ukapita. Ni ule wa mwanamke aliyeacha sufuria motoni akaenda kucheza dansi, tuliokuwa tumeukalia wiki tatu. Niliacha nguo kwenye povu nikakimbilia besi. Sikuweza kuufuata. Wimbo ulikuwa juu yangu na mbele yangu, mwepesi, unaruka, waimbaji wanacheka ndani yake, na mimi na nyuzi zangu zilizolegea nimebaki chini kabisa. Kesho yake nilimwambia Barasa kwamba redio yake inazunguka polepole na kwamba tumejifunza nyimbo zote vibaya. Sikulisema kwa ubaya. Aliweka kikombe chini akaniangalia vile mtu anavyomwangalia mtoto aliyeingilia wakubwa.

"Ni redio ya huyo mama ndiyo inakimbia," akasema. "Si unajua vitu vya wenye nyumba ni vibovu."

Nikamwambia kituo cha redio hakiwezi kukimbia. Akasema mimi ni fundi wa nguo, nimwachie muziki. Ndiema alikuwa anakoroga ugali na hakugeuza kichwa. Tukaendelea kupiga polepole, kwa sababu mashine ilikuwa ya Barasa, chumba kilikuwa cha Barasa, na mimi nilidhani nikiondoka bendi itakufa. Leo nikikumbuka woga huo najikasirikia kuliko ninavyomkasirikia yeye, na hapo sipunguzi chochote kwake.

Tulipiga harusi ya kwanza kwenye mji mdogo wa Kwanza, chini ya turubali, mchana wa jua kali baada ya mavuno. Baba wa bwana harusi alitangaza kwamba leo wazazi watacheza, na wazazi wakainuka kwa furaha kubwa, mama wamefunga leso viunoni, wazee wameacha fimbo kwenye viti. Walianza vizuri. Walipofika katikati ya wimbo niliona jambo ambalo sijawahi kuliona tena: watu wazima arobaini wakisimama na kuangalia miguu yao. Mwili wao uliujua wimbo ule na ulikuwa umetangulia. Mguu unashuka, ngoma bado haijafika. Mmoja baada ya mwingine walirudi kukaa. Nyuma ya turubali, tukila wali, nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake pengine ni uzee, pengine ni goti. Yule mama alikuwa analaumu goti lake kwa ajili ya tyubu ya baiskeli ya Barasa. Naye Barasa alisema watu wa Kwanza ni wakulima, hawajui kucheza, akaongeza nyama.

Pamoja na hayo jina lilitembea, kwa sababu hakuna bendi nyingine iliyofanya tulichofanya, na mwenye hoteli mmoja Bungoma akatuma ujumbe. Alitaka bendi ya zilizopendwa ya kupiga ukumbini kwake kila Jumamosi mchana. Wateja wake, alisema, ni walimu wastaafu na makarani waliocheza nyimbo hizo zilipokuwa mpya, na hataki aibu. Kwa hiyo twende kwanza kwa Mzee Sikuku, nje kidogo ya mji, ambaye miaka ya sabini alipiga gitaa kwenye bendi zilizotoa nyimbo zenyewe. Sikuku akikubali, kazi ni yetu. Tulienda kwa lori la Ndiema, tumebeba ngoma, magitaa, na betri ya lori ya kuwashia kipaza sauti. Mzee Sikuku hakuwa mzee wa busara hata kidogo. Alikuwa mtu wa kununa, mwembamba, aliyeokoka na kuacha muziki kwa amri ya mke wake, na alitupokea kana kwamba tumekuja kumdai. Mkewe alituambia nyimbo hizo hazitapigwa ndani ya nyumba yake iliyoombewa, kwa hiyo tulizipiga nje, karibu na ghala la mahindi, kuku wakipita katikati ya miguu yetu.

Tulipiga ule wa sufuria. Mzee alisikiliza akiwa amekunja mikono, uso hauna kitu. Tulipofika kiitikio aliinua mkono. "Nani amekufa?" akauliza.

Barasa akacheka, akidhani ni mzaha. Mzee hakucheka. Akasema wimbo huu ulipigwa watu wakiruka, yeye mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na alikuwa anaruka akiupiga, sasa sisi tumeubeba begani kama jeneza, na kwani nyinyi watatu hakuna hata mmoja mwenye masikio? Kuku ndio walioendelea na shughuli zao. Kisha Ndiema, na hili namhesabia, akanionyesha kwa kijiti cha ngoma akasema, "Huyu alisema. Tulimkatalia." Mzee akanigeukia, akaniambia basi niupige unavyotakiwa. Nilikaza nyuzi zangu pale pale, kidogo kidogo, nikiimba moyoni kile nilichokisikia kwa mama mwenye nyumba, mpaka zikafika. Nikapiga peke yangu kwa mwendo wake. Mzee Sikuku alisikiliza kidogo, mguu wake wa kulia ukaanza kugonga ardhi, na mke wake aliyekuwa mlangoni akaingia ndani haraka kabla wa kwake haujaanza.

Kilichotokea mezani ndicho kilichoharibu kila kitu, na mtu asiye wa huku hataelewa nisipoeleza. Mgeni akija anachinjiwa kuku, na ndani ya kuku huyo kuna firigisi moja tu. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Akitaka kumheshimu mgeni kuliko wote anaweza kumpa, lakini mgeni huyo ni mwanamume. Bibi zetu hata kuku wenyewe hawakula, sembuse firigisi. Tulikaa, tukanawa, ugali ukaletwa, na kuku, na firigisi juu yake ikiangalia upande wa Mzee. Barasa ndiye aliyekuwa amekaa karibu naye, kifua mbele, kama kiongozi wa msafara. Mzee aliichukua kwa vidole, akaivusha mbele ya uso wa Barasa, akaiweka kwenye ugali wangu. "Kula, wewe mwenye masikio," akasema. Mkewe aliita jina la Yesu. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nikaila, na nilipoinua macho Barasa alikuwa ananiangalia mdomoni.

Tukarudi Kitale. Fundi alitutilia ukanda wa kweli kwenye redio, na wiki tatu zilizofuata tukajifunza nyimbo zote upya, na ni mimi niliyewaongoza, mstari kwa mstari, kwa sababu Mzee alitukubali kwa sharti kwamba wanifuate. Barasa alifuata. Lakini aliacha kuniita jina. Aliniita Mla Firigisi, kwanza chumbani, kisha mbele ya majirani, kisha dukani ninaposhona, akiwaeleza wanaume waliosimama pale na wakacheka sana. Sahani ya pamoja ikaisha. Kila mtu akawa anakula na yake. Siku moja nikiwa nje nafunga viatu nilimsikia akimwambia Ndiema kwamba bendi ikienda Bungoma na mwanamke mbele watu watauliza wanaume walikuwa wapi. Sikusikia Ndiema akijibu.

Barasa aliniambia mwenye hoteli ameahirisha Jumamosi yetu ya kwanza kwa wiki moja. Gitaa langu lilikuwa Tuwan, lilikokaa tangu tuanze kujifunza nyimbo upya. Jumamosi ile nilipita chumbani asubuhi na unga mkononi, ilikuwa zamu yangu ya kuleta unga, nikakuta kufuli. Jirani kiziwi akanionyesha kwa mikono: ngoma, lori, wametoka. Nilifika Bungoma saa tisa mchana na ule unga bado nimeubeba. Nilisimama mlangoni pa ukumbi, na kitu cha kwanza nilichokiona ni wazee wakicheza. Walicheza kama walivyotaka kucheza kule Kwanza, magoti mazuri kabisa, mama wamejifunga leso, mmoja analia na kucheka. Mwendo ulikuwa sawa. Ulikuwa mwendo wangu. Na aliyeshika besi yangu alikuwa binamu wa Barasa, Juma, anapiga mistari niliyoitoa mimi kwa vidole vyangu, tena akiikosea.

Sikufikiri. Nilipita katikati ya wachezaji nikapanda jukwaani, nikachomoa waya wa besi. Juma aliniachia gitaa mara moja, masikini, hakujua lolote. Barasa aliacha kupiga. Ndiema alinitazama machoni na hakuacha. Ngoma iliendelea, na mpaka leo hujitetea kwamba angesimamaje katikati ya wimbo. Kisha Barasa akavuta maikrofoni karibu, akatabasamu kwa wazee wote wale.

"Msishangae, wazazi," akasema. "Huyu dada nilimwacha mwezi uliopita, na bado hajakubali."

Ukumbi ulicheka. Walicheka bila ubaya, kama watu wanavyocheka wakishiba. Nilitaka kusema, lakini sauti ya mtu bila maikrofoni mbele ya ngoma ni sawa na mtu anayefungua mdomo tu. Nikashuka na gitaa langu, nikiwa na unga kwapani, watu wakinipisha na kunipigapiga bega, mama mmoja akaninong'oneza kwamba wanaume ndivyo walivyo, nitapata mwingine. Huyo ndiye aliyeniumiza kuliko wote.

Neno lilifika Kitale kabla yangu. Mwaka huo kulikuwa na kijana wa Moi's Bridge aliyekuwa ametuma wazee kwetu. Aliwarudisha, akasema hachukui mabaki ya Barasa. Wateja walinipa pole wakipimwa nguo. Bendi ya Jana ilipiga Bungoma miaka sita, kisha ikafa kama bendi zinavyokufa, na Barasa akaoa, akapata watoto, akawa mtu mzima wa kuheshimika. Mara mbili tulikutana sokoni. Mara zote mbili alisema "Habari ya siku nyingi" na mimi nikaangalia nyanya. Mimi pia niliolewa baadaye, na mume wangu, Mungu amrehemu, hakuniuliza kamwe. Lakini najua alilisikia, maana kila redio ilipopiga ule wa sufuria aliinuka akaizima taratibu.

Siku ya mazishi nilibeba gitaa langu mwenyewe na sikumruhusu Ndiema alishike. Kule nyumbani kwa marehemu, nje ya Bungoma, turubali zilikuwa tano, viti vyote vimejaa, karatasi za wasifu watu wamejikinga nazo jua. Ndiema alinisihi, dada, usiharibu, zika mtu. Nilimwambia ratiba ina jina langu na nitasema kilicho kweli. Kabla zamu yangu haijafika msichana alinijia akasema mjane, Mama Wekesa, ananiita jikoni. Nilimfuata. Mama Wekesa alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, mwanamke mnene mwenye macho makavu, akawaambia wanawake wengine watoke. Hakunipa kiti. Mkononi alikuwa na sahani ndogo iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

"Nimekaa na jina lako kwa hii nyumba miaka thelathini," akasema. "Leo utaniambia. Ulikuwa wake?"

"Hata siku moja."

"Hata siku moja?"

"Huyo mtu tuligombana juu ya redio, mama."

Kisha akafunua sahani, na ndani palikuwa na firigisi. Akaniambia kwamba wiki mbili kabla ya kufa Barasa alimwamuru, akija yule Rispa kumzika apewe firigisi, na alipomuuliza firigisi ya nini kwa mwanamke, aligeukia ukuta. Basi nikamweleza yote, tyubu ya baiskeli, Mzee Sikuku, mlango uliofungwa kufuli, neno la kwenye maikrofoni. Nilipofika hapo alifumba macho. Alikuwa mchumba wake wakati huo, akasema, na alikuwa ukumbini. Alicheka pamoja na wengine, halafu akaenda kulia chooni, na tangu hapo kila mumewe alipochelewa alidhani yuko Kitale kwangu. Tulikuwa wanawake wawili tulioumizwa na neno lilelile kwa miaka yote hiyo, na hata hivyo sikumwonea huruma nyingi, wala yeye mimi. Alisukuma sahani kwangu akasema basi nile, tuende tuzike.

"Sili," nikasema. "Alinitukana kwenye maikrofoni, mama. Hawezi kunirudishia jikoni."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akainuka, akajifunga leso upya, akaichukua ile sahani akatoka. Nilimfuata hadi chini ya turubali. Mtangazaji alikuwa anaita wakwe wajipange. Alimpokonya maikrofoni katikati ya neno. Akasema mume wake aliwaambia watu wa Bungoma kwamba Rispa alikuwa mwanamke wake, na ulikuwa uongo. Akasema bendi ilikuwa ya Rispa, karatasi imekosea, wenye kalamu wasahihishe. Akasema marehemu amemtuma ampe hii. Kisha akarudisha maikrofoni kwa mwenyewe na kunipa sahani mbele ya watu wote, mbele ya wazee wa ukoo waliokaa safu ya kwanza na fimbo zao.

Hakuna aliyepiga makofi. Kaka mkubwa wa marehemu alikohoa akasema kwa sauti kwamba wanawake wa boma hili wamekosa adabu. Nililitundika gitaa begani, nikaila firigisi nimesimama. Ilikuwa imepoa, haina chumvi, ngumu kama ukanda wa kiatu, na niliitafuna yote bila haraka mpaka ikaisha, wazee wakiniangalia mdomoni. Msamaha sikumpa, na atakayesema kwamba nilimsamehe kaburini anasema yake.

"Umemaliza?" Mama Wekesa akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi mpigie wimbo wake."

Nikamwambia ni wangu, nikaenda mbele. Niligusa nyuzi, zilikuwa zimekazwa vizuri. Ndiema alikaa kwenye ngoma, akaanza ule wa sufuria polepole, nadhani kwa heshima ya msiba. Sikumngoja. Niliupiga kwa mwendo wake wenyewe, na safari hii Ndiema akanifuata.